Utafutaji wa Kila Jumanne

Kazini walimwita Sikio, na jina hilo alikuwa amelipata kwa haki. Seva iliyobeba taarifa za wagonjwa wa hospitali tano ilikaa chumba cha chini kabisa, nyuma ya mlango wa chuma na kiyoyozi kisichozimwa mwaka mzima. Ofisi yake yeye ilikuwa ghorofa ya tatu, dirisha likitazamana na kamba za kuanikia mashuka ya wodini. Mwezi ungeweza kupita hajashuka chini. Lakini mashine ile haikuweza kukohoa asisikie.

Alisikia kwa macho. Kila asubuhi, kabla hajavua hata sweta, alifungua kivinjari, akaingiza nywila yake, na paneli ikajitandaza mbele yake: kushoto orodha ya mitambo, katikati michoro ya diski na ya wingi wa kazi, chini yake logi. Logi ni daftari ambalo mashine hujiandikia yenyewe. Saa fulani karani fulani aliingia, saa fulani hoja fulani, yaani ombi la kutafuta taarifa, ilikwama, saa fulani nafasi ilipungua. Wenzake waliona takataka tu. Yeye alizisoma mstari kwa mstari, kidevu mkononi, kama mtu aliyepata barua kutoka nyumbani.

Mwaka wake wa kwanza hakukuwa na mtu wa kuzifuta logi za zamani. Zikarundikana hadi zikajaza diski pomoni, na hospitali tano zikarudi kwenye karatasi kwa siku mbili nzima. Tangu hapo alizipangia utaratibu humo humo kwenye paneli: kila wiki daftari jipya lianze, la zamani libanwe lisile nafasi, lililotimiza miezi sita lijifute. Akaamuru pia kwamba hoja yoyote itakayozidi sekunde kumi iandikwe kwenye orodha ya peke yake, kwa rangi ya chungwa. Orodha hiyo ndiyo aliyoifungua kwanza, kabla ya chai.

Alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Aliishi peke yake kwenye vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali, hakuwa na mume, na alikwisha kuchoka kueleza kwa nini. Ndugu alikuwa naye mmoja tu, dada yake mkubwa, na hakujua huyo yuko wapi. Mwaka wa saba sasa.

Basi ikatokea Jumanne moja, saa nne na dakika kumi, mstari wa chungwa ukatokea kwenye orodha. Sekunde arobaini na saba. Ulitoka hospitali ya tano, ile ndogo ya milimani, chumba cha masjala, kompyuta namba mbili. Mtu alikuwa ametafuta mgonjwa kwa jina la kwanza tu: bila namba ya kadi, bila mwaka, bila kusema ni hospitali ipi. Kwa mashine hilo ni sawa na kumwambia mtu aingie kwenye maktaba iliyopangwa kwa namba, afungue kila kitabu, ukurasa kwa ukurasa, atazame kama jina hilo limo. Mashine haina ubishi, hufanya. Ila wakati inafanya, wengine wote hungoja. Katika hospitali tano madaktari walikaa wakitazama duara dogo likizunguka kwenye skrini.

Jumanne iliyofuata, saa ile ile, jina lile lile. Na ya tatu vivyo hivyo. Ya nne, mkuu wa kitengo alipanda ngazi mwenyewe, jambo ambalo halikuwa desturi yake, maana magoti yalimsumbua.

"Sikio, wale wa upasuaji wamenipigia simu mpaka betri imeisha," alisema, akijishikiza mlangoni. "Kila Jumanne mtambo unalala. Nani anatufanyia hivi?"

"Namfuatilia, bosi."

"Usimfuatilie. Mzuie."

Kwenye paneli kulikuwa na kitufe chekundu kilichoandikwa Sitisha. Jumanne ya tano Sikio alikaa tayari, kidole juu ya kipanya, na mstari ule ulipochomoza tu akaukata. Michoro ikashuka. Haikupita dakika, ukarudi. Akaukata. Ukarudi tena, jina lile lile, herufi kwa herufi, wala si wa mtu mwenye hasira. Ulikuwa wa mtu anayebisha hodi akijua kuna watu ndani.

Huyu ana lake, Sikio aliwaza. Mara ya tatu aliuacha umalize sekunde zake, akanyanyua simu.

Aliyepokea alikuwa karani wa masjala, mama mwenye sauti ya taratibu, na nyuma yake zilisikika nyayo na kikohozi cha watu waliopanga foleni.

"Ni wewe unayenikatia?" karani aliuliza, bila ukali.

"Ni mimi. Samahani. Unatafuta nini, mama?"

"Mimi sitafuti kitu. Ni Mzee wa Jumanne." Karani akashusha sauti. "Jumanne ni kliniki ya presha. Akishapimwa anakuja dirishani kwangu, anavua kofia, ananitajia jina la binti yake. Kadi ya zamani ya huyo binti tunayo, alivunjika mkono akiwa mtoto tukamfunga hapa. Haijaguswa miaka tisa. Zamani nilitafuta humu kwetu tu; mwezi huu ndio nimeanza kutafuta hospitali zote, kama amejiandikisha upya mahali pengine. Na jina la ukoo huenda alishabadili, kwa hiyo naandika la kwanza tu."

"Na unamwambia unachokiona?"

"Dada yangu, nina miaka ishirini na mbili kwenye dirisha hili. Siri za watu nazijua na sizisemi. Wanatoka mamia wenye jina hilo, nawapitia wale wa umri wake, kisha namwambia bado. Anavaa kofia, anashukuru, anakwenda. Ungekuwa wewe ungemwambia nini?"

 Sikio alisema atapanda huko wiki ijayo, kulikuwa na kompyuta mbovu ya kuchukua. Kompyuta mbovu kweli ilikuwepo, tangu mwaka jana.

Alipanda na gari la hospitali. Barabara ilijizungusha mlimani kama uzi kwenye bobini ya cherehani, na dereva, mtu wa maneno mengi, akamhesabia kila kona na gari lililowahi kuangukia hapo. Masjala ya hospitali ya tano ilikuwa chumba chembamba chenye dirisha la vioo viwili, kimoja kimepasuka na kushikwa kwa gundi. Karani akamwekea stuli pembeni yake. Saa nne na dakika tano, mzee mrefu mwenye mabega mapana akafika dirishani, akavua kofia.

"Shikamoo, mzee," Sikio alisema.

"Marahaba, mwanangu. Wewe mgeni?"

"Natoka makao makuu. Mimi ndiye nilikuwa nakata utafutaji wako."

Karani alimfinya Sikio chini ya meza, lakini maneno yalishatoka.  Mzee akacheka kidogo, bila kinyongo. "Nilidhani umeme."

Wakatoka nje, wakakaa kwenye benchi la saruji karibu na bomba. Mzee alikuwa amestaafu. Maisha yake yote alikuwa dereva wa greda, na mikono yake ilikuwa bado imekunjwa kama inashika usukani.

"Barabara uliyopandia leo nimeichonga mimi," alisema. "Kona kwa kona. Na ndiyo aliyoshukia yeye. Nilimwambia neno, mwanangu. Neno moja, tukiwa jikoni, mama yake alikuwa amekwisha kufariki. Sitalirudia mbele yako. Yeye hakujibu. Asubuhi nikaamka nikakuta kitanda kimetandikwa."

"Hukuwahi kupata habari?"

"Watu wananiletea habari nyingi. Huyu kamwona sokoni, yule kamwona kituoni. Nimeacha kuzisikiliza. Mashine yenu haina sababu ya kunifurahisha, ndiyo maana naiamini." Akaigeuza kofia magotini. "Siulizi anakaa wapi. Siulizi ameolewa na nani. Nataka tu nisikie kwamba mwezi fulani aliumwa jino. Mtu anayeumwa jino yuko hai."

Katika kurudi, dereva alianza tena hadithi za kona, akaona abiria wake hasikii, akanyamaza.

Sikio alikuwa akimfikiria dada yake. Dada alikuwa fundi cherehani. Ndiye aliyemlea, maana mama yao alikuwa mtu wa kuugua mara kwa mara, na sare zote za shule za Sikio zilitoka kwenye cherehani ile ya mguu iliyokuwa chini ya dirisha. Dada alizungumza huku pini ziko mdomoni, na bado ukaelewa kila neno. Alikata uzi kwa meno. Usiku wa mitihani alikuwa akishona bila kazi yoyote ya haraka, ili tu Sikio asiwe macho peke yake.

Mama yao alipozidiwa, Sikio alikuwa mafunzoni, mbali, akijifunza hizo seva. Alifika siku ya tatu baada ya mazishi. Uani kulikuwa na majirani, mashangazi, wanawake wa kikundi cha dada yake. Naye, kwa uchungu na uchovu wa safari, akasimama katikati yao akauliza: "Hivi ninyi mlishindwa nini kumpeleka hospitali mapema?" Alisema ninyi, lakini uani pale kila mtu alijua ninyi ni nani. Dada yake alikuwa ameshika trei ya vikombe. Hakuiangusha. Aliipeleka ndani, akaiweka, akatoka, akaendelea kupokea wageni. Mwezi haujaisha alikuwa amehama nyumba, na simu yake ikawa inasema haipatikani. Cherehani aliichukua. Vingine vyote aliacha.

Miaka saba Sikio aliulizia. Aliuliza kwa wauza vitambaa, aliuliza kwa wanawake wa kikundi, akaambiwa sijui, hatujui, tulidhani yuko kwako. Jambo moja hakuwahi kulifanya, na hilo ndilo lililokuwa rahisi kuliko yote.

Asubuhi ya pili yake alifungua paneli kama kawaida. Michoro yote ilikuwa kijani. Akafungua ukurasa wa kuandikia hoja, ule unaofunguka kwa nywila yake tu, akaandika jina la dada yake. Hospitali tano, miaka kumi na moja. Kama Dada aliwahi kuumwa hata mafua, angejua leo, kabla ya chai.

Kidole kilikuwa kwenye kitufe. Angebonyeza, logi ingemwandika: saa fulani, msimamizi amesoma majalada ya mtu asiyemhusu. Alijua pia kwamba katika jengo lote hakuna aliyesoma logi ile isipokuwa yeye, na hakuna mwingine aliyekuwa na uwezo wa kuufuta mstari. Mara mbili alikuwa ameshuhudia watu wakifukuzwa kazi kwa kosa hilo. Dhidi ya mmoja wao, yeye mwenyewe ndiye aliyepeleka ushahidi: muuguzi aliyechungulia faili la mke mwenza. Hakumwonea huruma siku ile. Sasa alimwonea.

 Aliwaza: nikimpata hivi, nitamwambia nilimpataje? Dada yake alikuwa mtu wa kuuliza. Angeuliza, pini mdomoni, na Sikio angelazimika ama kusema uongo ama kusema kweli, na vyote viwili vingekuwa kama lile swali la uani, yaani kuingia katika mambo ya mtu bila ruhusa yake.

Alifuta herufi moja moja hadi kisanduku kikawa cheupe. Kisha akapanga mambo kichwani, akapiga moyo konde, akaenda kwa mkuu wa kitengo.

"Kumzuia mzee naweza, ni kazi ya dakika mbili," alisema. "Lakini nina njia nyingine. Tuweke orodha ndogo ya ujumbe. Mtu anayemtafuta ndugu yake anaandika jina la kwanza, mwaka wa kuzaliwa, na jina la mama. Jina la ukoo watu wanabadili, la mama hawabadili, na kwenye fomu yetu tunaliuliza. Akija mgonjwa kujiandikisha, mtambo unalinganisha na hiyo orodha tu. Haichukui hata robo ya sekunde. Vikifanana, karani anamwambia faraghani: kuna ujumbe wako, ungependa kuusoma? Akikataa, basi. Akikubali, kujibu au kutojibu ni juu yake. Aliyeuacha haambiwi chochote bila idhini."

Mkuu alikuna kidevu. "Sikio, hii ni hospitali. Siyo kipindi cha salamu redioni."

"Najua, bosi. Lakini salamu zenyewe tayari zinapita. Zinapita kila Jumanne saa nne, na zinamsimamisha daktari wa upasuaji."

 Mkuu alimwita afisa ustawi wa jamii, mwanamke mfupi mwenye miwani ya kamba ambaye kila siku alishinda na watu waliotelekezwa wodini. Afisa alisikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja tu, nani atausoma ujumbe kabla ya mwenyewe. Sikio akasema hakuna, ila yeye afisa, kuhakikisha si wa vitisho. Afisa akasema angeomba jambo hilo hata kwa kupiga magoti. Mwezi mmoja wa barua na mihuri, likapitishwa.

Mzee wa Jumanne alikuwa wa tisa kuandikwa. Karani alimsimulia Sikio kwa simu kwamba mzee alikaa na karatasi saa nzima, akaandika, akachana, akaandika, akaomba nyingine. Mwishowe aliacha maneno manne: Niko hapa. Sijambo. Baba.

Jumanne zikawa kimya. Madaktari hawakulalamika tena, na mkuu wa kitengo akamsifu kwenye kikao. Lakini ilipofika saa nne na dakika kumi Sikio alijikuta akitazama orodha ya chungwa, nayo tupu, nyeupe. Hakutegemea kwamba kitu kile kingemkosesha raha. Kwa wiki zote zile alikuwa amezoea kwamba kuna mtu mwingine, mahali fulani mlimani, anayetafuta kwa ukaidi uleule ambao yeye aliubana kifuani.

Wiki ya tatu alishuka ghorofa ya kwanza, akakaa kwenye benchi nje ya ofisi ya afisa ustawi, nyuma ya mwanamume mwenye mkongojo na msichana mwenye mtoto mgongoni. Zamu yake ilipofika akaingia.

"Mtambo una tatizo?" afisa aliuliza.

"Hapana. Nimekuja kuandika."

Afisa alivua miwani, akaivaa tena, akavuta fomu. "Uhusiano?"

"Dada yangu. Mkubwa."

"Mwaka wa kuzaliwa?"

Akautaja.

"Jina la mama?"

Sikio alilitaja jina la mama yao, na sauti ikamkatika katikati, akalirudia lote. Ujumbe wenyewe aliomba aende akauandikie nyumbani. Ulimchukua siku mbili. Aliandika kurasa tatu, za cherehani, za mitihani, za uani, akazichana zote. Aliourudisha ulisema: Dada, nilikukosea mbele ya watu. Nataka nikuombe radhi mbele ya watu. Nipo. Ukawa wa thelathini na moja.

Kwenye paneli orodha ya ujumbe ilikuwa na ukurasa wake, namba na hali tu, bila majina. Haujasomwa, haujasomwa, haujasomwa. Sikio alijizuia kuufungua zaidi ya mara moja kwa siku, na siku nyingine alishindwa kujizuia. Miezi minne ikapita. Zikafika namba mia moja na zaidi. Sita zilisomwa. Ya kwake hapana.

Halafu Alhamisi moja, saa tano na dakika ishirini, ukatokea mstari mmoja: namba tisa, umesomwa, hospitali ya pili.

Hospitali ya pili ilikuwa ile kubwa karibu na viwanda, saa mbili kwa gari kutoka milimani. Sikio alisukuma kiti nyuma, akasimama, akaenda dirishani. Mashuka yalikuwa yakipigwa na upepo. Binti wa mzee alikuwa hai. Katika watu wote ulimwenguni wanaompenda mzee yule au wasiomjua, ni Sikio peke yake aliyelijua hilo kwa wakati ule, pamoja na karani mmoja asiyejua maana yake, na kinywa cha Sikio kilikuwa kimefungwa na kanuni aliyoiandika mwenyewe. Logi haikusema binti alisoma kwa uso gani. Haikusema kama alilia au aliikunja karatasi akaiacha mezani.

Jumanne iliyofuata karani wa masjala akampigia. "Mzee yuko hapa. Anauliza kama mashine yenu bado inafanya kazi."

"Inafanya kazi."

"Nimwambie hivyo tu?"

"Mwambie hivyo. Mwambie inafanya kazi vizuri."

 Karani alikuwa na miaka ishirini na mbili kwenye dirisha. "Nitamwambia," alisema, na hakuuliza zaidi.

Wiki ya pili hakukuwa na jibu. Ya tatu, afisa ustawi alipanda ghorofa ya tatu akihema, ameshika bahasha. "Napanda milimani kesho," alisema. "Binti wa Mzee wa Jumanne amerudi mwenyewe ofisini kwetu hospitali ya pili, ameacha jibu na ametia saini ruhusa. Nimeona nikuulize kama unataka kuja."

Hakuwa na kompyuta mbovu ya kuchukua safari hii. Alikwenda hivyo hivyo.

Siku hiyo haikuwa Jumanne, kwa hiyo mzee aliitwa kutoka nyumbani. Alikuja mbio mbio, kifungo kimoja cha shati kimekosea tundu, akawakuta kwenye benchi la saruji. Aliona nyuso zao, akashindwa kusoma kilichomo, akakaa kabla hajaambiwa akae. Afisa akafungua bahasha, akasoma polepole: Mwambieni ni mzima. Ana wajukuu wawili, wa kike wote. Asije bado. Nitaandika tena.

 Bomba lilikuwa likidondosha, mtu akaja akajaza ndoo, akaondoka.

"Soma tena hapo mwisho," alisema.

"Asije bado. Nitaandika tena."

"Amesema bado."

"Ndiyo, mzee."

"Hakusema asije. Amesema asije bado." Akamgeukia Sikio kama vile yeye ndiye shahidi. "Umesikia, mwanangu? Miaka tisa mama wa dirishani ananiambia bado, nami nalichukia neno hilo kama ugonjwa. Leo nimeletewa lenyewe na ni zuri." Akafuta uso kwa kofia, kwa kuikandamiza, kama mtu anayejikausha jasho. "Wawili. Wa kike."

Afisa aliingia ndani kusaini makaratasi kwa karani. Sikio akabaki. Alikuwa amefurahi kweli, furaha isiyo na husuda, na chini ya furaha hiyo kulikuwa na kitu kinachomvuta kama mtoto anayevuta gauni la mamaye. Alidhani amekificha vizuri.

"Na wewe unamtafuta nani?" mzee aliuliza.

"Nani kakwambia namtafuta mtu?"

"Nimekaa dirishani pale miaka. Wanaotafuta nawajua." Akaweka kofia pembeni, ili mikono iwe wazi. "Ni mama?"

"Dada," Sikio alisema. "Nimeacha ujumbe. Huu ni mwezi wa tano haujasomwa. Labda haugui. Ni mtu wa afya njema sana, hata mafua hayamshiki. Labda amehamia ambako hatuna hospitali. Labda aliulizwa akasema hataki." Hili la mwisho alikuwa hajawahi kulisema kwa sauti, hata peke yake.

Mzee hakumpa moyo. Hakusema atarudi, hakusema usijali. "Kazi yake nini?" aliuliza.

"Mshonaji."

"Anashona vizuri?"

"Mzee, nguo ya dada yangu ukiigeuza ndani nje huoni tofauti."

"Haya, nieleze," alisema mzee, akajisogeza kumpa nafasi.

Basi Sikio akaanza kumweleza. Alianza na ile sare ya kwanza, ya bluu, iliyokuwa kubwa kwake kwa makusudi, ili akue ndani yake. Dereva alikwisha kuwasha gari. Afisa alitoka mlangoni na makaratasi yake, akawaona, akamfanyia dereva ishara ya mkono kwamba azime.